Msitu Mdogo, Ndege Karibu

Aliyezoea mbuga za wanyama aonywe kabla hajaletwa milimani. Serengeti mgeni husimama ndani ya gari lililofunguliwa paa, dereva anaambiwa kwa redio chui yuko mti gani, na jioni kila mtu ana picha zake. Usambara, Uluguru na Udzungwa hakuna gari. Kuna miguu, kuna siafu, kuna shingo inayouma kwa kutazama juu, na kuna ndege anayeimba hatua tano kutoka uliposimama ambaye huenda usimwone mpaka unarudi nyumbani. Niliwahi kupanda na rafiki yangu wa Dar es Salaam, mtu mwema kabisa, ambaye ilipofika saa nne asubuhi alikaa juu ya gogo akauliza kwa upole, “Sasa wanyama wanaanza saa ngapi?”

Mimi shida hiyo imenikolea. Likizo kwa likizo nimekuwa nikipanda milima hii, na daftari limejaa majina, saa, hali ya hewa na manung'uniko ya barabarani. Nilipolisoma upya tangu ukurasa wa kwanza niliona jambo ambalo sikulitegemea. Ndege walio hatarini kuliko wote ndio niliowaona kwa urahisi, wengine kabla chai ya asubuhi haijapoa. Wale ambao wana msitu mkubwa na maisha ya uhakika walinitoa jasho, na wengine hawakujitokeza kabisa. Nimejaribu kuelewa kwa nini, mlima kwa mlima.

Milima yenyewe ni ukoo mmoja. Inaanzia Taita nchini Kenya, inashuka kupitia Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru hadi Udzungwa na Mahenge, na kwa pamoja huitwa Tao la Mashariki. Kilimanjaro uko jirani na ndio unaopigwa picha, lakini si wa ukoo huu. Wenyewe ni volkano, kijana kwa umri wa milima, ilhali miamba ya Tao ni ya kale mno. Kwa ndege, la maana ni mvua. Upepo wa Bahari ya Hindi hugonga miteremko ya mashariki, ukapanda, ukapoa, ukamwaga maji. Hata zama zile ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu ikasinyaa, hapa ukungu haukukatika. Viumbe waliotoweka kwingine wakasalia hapa, na kwa kuwa kati ya mlima na mlima kuna nyika ya jua kali ambayo ndege wa kivulini hathubutu kuivuka, kila mlima ukalea wa kwake.

Nyika hiyo unaiona vizuri ukiwa ndani ya basi. Kutoka Korogwe kwenda Same, kulia kwako milima imejifunika wingu jeusi, kushoto mikonge na migunga imesimama kwenye vumbi. Juu kule mtu anavaa koti. Chini huku kondakta amefungua vifungo vya shati.

*

Kwenda Amani, Usambara Mashariki, unaanzia Muheza, mji wa machungwa. Basi la Amani linaondoka likishajaa, na hujaa magunia kabla ya watu. Lisipokuwepo kuna bodaboda, ambao bei yao hupanda na matope. Njia inapita Sigi, palipokuwa mwisho wa reli ndogo ya Wajerumani, na hapo ndipo unapolipia kiingilio cha Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 na yenye hekta 8,380. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Mtandao ukigoma unakaa kwenye benchi pamoja na askari wa misitu mnazungumza mpira.

Usiharakishe kutoka Sigi. Msitu wa chini una joto, na ndimo anamoishi bundi mdogo kuliko kiganja kilichokunjuliwa, yule wa Sokoke, ambaye kwa miaka mingi alijulikana kutoka msitu wa Arabuko-Sokoke pwani ya Kenya peke yake. Mwongozaji alinipeleka mahali wanapolala mchana. Alinionesha kwa kidole, akanionesha tena, akanishika kichwa akakigeuza. Nilikuwa nikiona majani makavu mawili yaliyokunjamana. Jani moja likafumbua jicho.

Amani yenyewe iko juu, kama mita 900 hivi, kijiji cha nyumba za zamani zenye paa za mabati yaliyopauka, zilizotawanyika kati ya miti ya kigeni. Wajerumani walifungua hapa taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia mwaka 1902, wakapanda miti waliyoikusanya kutoka kila pembe ya dunia yenye joto. Mingi imetulia bustanini. Msizi haukutulia. Matunda yake hupendwa na hondohondo, hondohondo huzidondosha mbegu popote anapopita, na leo kila mti wa asili unapoanguka msizi ndio wa kwanza kushika nafasi. Ukisimama barabarani alfajiri utawasikia hao hondohondo kabla hujawaona, tena si kwa mlio tu. Mabawa yao yanapopiga hewa yanatoa sauti ya mtu anayekokota mkeka mkavu sakafuni. Ni ndege wa kupendeza, na ndio wanaougeuza msitu huu taratibu kuwa msitu mwingine. Sijui nimchukie nani.

Niliyemfuata Amani ni mdogo mno kwa safari yote ile. Ni ndege mshonaji ambaye wataalamu humwita Artisornis moreaui: rangi ya kijivu, wekundu hafifu usoni, mkia mwembamba na mdomo mrefu kuliko inavyostahili mwili wake. Duniani anajulikana hapa na kwenye mlima mmoja kaskazini mwa Msumbiji, basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku ndefu ndani ya msitu. Mwongozaji, kijana aliyezaliwa hapohapo na baba yake aliwahi kuwabebea mizigo watafiti, akanipeleka nyuma ya nyumba ya zamani ya watumishi, palipo na fundo la mitambaazi lililoning'inia kando ya njia.

“Kaka, usitazame juu. Sikiliza kwanza.”

Ukatoka mlio mmoja wa chuma, mwembamba, unaojirudia kwa kipimo, kisha mwingine ukaujibu kutoka upande wa pili. Dume na jike. Fundo la mitambaazi likatikisika. Mdomo ukachomoza, kisha jicho, kisha ndege mzima akavuka njia chini ya magoti yangu. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo alisimama kutupisha, akatutazama, akaendelea na safari yake.

Nilipomsifu kwa kazi nyepesi, kijana alicheka. Akaniambia kuwa huyu ndege anapenda kingo na mapengo, pale mti ulipoanguka na mitambaazi ikajaa, na kwamba sehemu za namna hiyo zenye msitu mzuri nyuma yake si nyingi. “Tunawajua walipo,” alisema. Hiyo kauli niliiandika bila kuitilia maanani. Baadaye ndiyo niliyoipigia mstari. Ukiweza kusema kuhusu ndege wa porini kwamba unawajua walipo, jozi kwa jozi, maana yake hawana pengine pa kwenda.

Jina la kitaalamu la ndege huyo linamkumbuka Reginald Moreau, Mwingereza aliyekuja Amani mwaka 1928 kwa kazi ya hesabu za ofisi, hakuwa amesomea wanyama. Mke wake, Winifred, naye ana ndege wake Uluguru, aliyeandikwa kitaalamu mwaka 1938. Wasomaji wengi wa vitabu vya ndege wanayajua majina hayo mawili. Wachache wanamjua Salimu Asmani, mkusanyaji aliyefanya kazi na Moreau miaka ile, ambaye miguu na masikio yake ndiyo yaliyoingia msituni. Waongozaji wa Amani wa leo wanafanya kazi ileile, tofauti ni kwamba ndege harudi mfukoni.

Kabla ya kuondoka nilitembea hadi upande wa Derema. Kule wakulima walikuwa wakipanda iliki chini ya miti mikubwa, maana iliki inataka kivuli. Ukiutazama msitu kutoka mlima wa pili unauona mzima, kijani hadi upeo. Ukiingia chini yake huoni mti mtoto hata mmoja: yote imefyekwa kupisha iliki, na siku wazee wale wa juu watakapoanguka hakuna wa kurithi. Wakulima walilipwa fidia waache mashamba, ushoroba ule uunganishe misitu. Mzee niliyemkuta njiani alinihesabia miche yake ya zamani, shamba la juu kadhaa, la chini kadhaa, la shemeji yake kadhaa, na hesabu hiyo anaijua kwa moyo mpaka leo. Sikuwa na la kumjibu. Ndege wangu wa asubuhi ameishi kwa sababu mtu fulani aliacha kuuza iliki.

*

Bonde la Lwengera linazitenganisha Usambara mbili, na ukitoka moja kwenda nyingine unashuka mpaka kwenye joto kisha unapanda upya kwa barabara ya Mombo, lami nyembamba inayojinyonga na genge hadi Soni na Lushoto. Lushoto ni baridi, karoti, kabichi, plamu na watu wengi. Mashamba yamepanda mpaka mgongoni mwa mlima. “Onga mahundo,” wanakusalimu Wasambaa, na ukijaribu kuitikia wanafurahi kuliko unavyostahili.

Hapa pana tatizo moja la mgeni wa ndege. Vijana wa kutembeza wageni wamezoea kuwapeleka Irente wakatazame nyika kutoka kwenye genge, wale mkate na jibini, warudi. Ni matembezi mazuri. Lakini ukisema unataka Magamba kabla jua halijatoka wanakutazama kama mtu mwenye deni. Sisitiza. Msitu wa Magamba uko juu zaidi kuliko Amani, una ukungu mzito na kuvu kila kigogo, na ndege wake ni wengine kabisa. Yupo ndege wa ardhini, Sheppardia montana, ambaye hayuko popote duniani ila Usambara Magharibi, kahawia mtupu wa kutembea kivulini asiye na haraka ya kujulikana. Nilimwona mara moja, mgongo tu. Kwera wa Usambara sijamwona mpaka leo, na nimeacha kuwauliza wenzangu walimwona wapi, maana kila mmoja ana mti wake na hadithi yake.

Somo la Magamba ni mramba. Ukikaa kimya nusu saa msitu unaonekana mtupu. Ghafla anakuja ndege mweusi mwenye mkia uliokatwa sawasawa, analalamika kwa sauti ya kukwaruza, na nyuma yake msafara mzima: wadogo wa njano, wa kijani, wa kijivu, kila aina kimo chake, wengine wakipekua gome, wengine majani. Wanakula wakisonga. Mramba anadaka wadudu wanaofurushwa na wenzake, nao wananufaika na macho yake dhidi ya mwewe. Dakika tano wameshapita, na msitu umefungwa tena. Kwa hiyo mtu mwenye busara hatembei huku na huku, anatafuta mlio wa mramba mmoja na kumfuata.

*

Kwenda Taita nilivuka Holili, nikagongewa muhuri, nikabadili shilingi kwa shilingi na kupanda gari la Voi. Barabara inakata Tsavo Magharibi. Tembo wekundu kwa vumbi walikuwa wamesimama karibu na lami, na abiria mwenzangu, bibi mwenye kikapu cha vitunguu, hakuinua hata macho. Mwatate tuliachana, nikapanda Probox iliyojaa kupita kiasi hadi Wundanyi.

Milima ya Taita inapendeza macho. Kilele chake kirefu, Vuria, kina mita 2,208, na kuanzia chini hadi juu utaona matuta ya mahindi, migomba, nyumba za matofali, shule na makanisa. Kilichobaki cha msitu wa asili kimekaa vileleni, vipandevipande. Msitu wa Ngangao ni kama hekta 120. Chawia haufiki 100. Mbololo ni karibu 200. Tuseme ilivyo: Ngangao yote ingeingia ndani ya hifadhi ya Amani karibu mara sabini. Na hata hizo hekta si zote za miti ya asili, maana misonobari na mikaratusi ya enzi za upandaji imejipenyeza, na chini ya msonobari hakuna ndege, kuna sindano kavu na ukimya wa chumba cha mtihani.

Nilimkuta mwongozaji wangu langoni, kijana wa Wundanyi mwenye sweta la shule aliyoiacha zamani. Tukaingia saa kumi na mbili na nusu. Kabla ya saa moja alikuwa ameshanionesha yule mdogo wa kijani mwenye duara jeupe machoni, kubwa kupita uso, Zosterops silvanus, kundi zima likipekua maua juu ya vichwa vyetu. Ni wa milima ya eneo la Taita peke yake. Kisha akasimama, akaingiza mkono mfukoni na kutoa spika ndogo.

“Nikiweka sauti ya yule mwingine, atakuja saa hii hii.”

“Usiweke, ndugu yangu.”

“Wageni wote wanataka niweke.”

“Najua. Mimi nitangoja.”

Alinitazama kunipima kama ninatania, kisha akairudisha. Jambo hili nalikazia kwa sababu limekuwa tabia ya kila mahali. Ndege dume akisikia sauti ya dume mwenzake ndani ya eneo lake huacha alichokuwa akifanya, kulisha kinda au kutafuta chakula, akaja kupigana na mtu asiyekuwepo. Katika msitu wa maelfu ya hekta utamsumbua mmoja leo na mwingine kesho. Ngangao ni jozi zilezile, njia ileile, kila mgeni, kila wiki. Spika inayofanya kazi haraka namna hiyo inakuambia jinsi ndege walivyobanwa.

Tulingoja. Kijana akawa ananisimulia habari za pango la mafuvu ya wazee, maana Wataita wa zamani waliyahifadhi mafuvu ya wakubwa wao mapangoni, na habari za fighi, misitu ya mila ambayo hakuna aliyethubutu kukata mti ndani yake. Alikuwa katikati ya sentensi alipokunja kidole. Chini, hatua nane au tisa mbele, majani makavu yalikuwa yakirushwa pembeni moja moja. Alikuwa ndiye tuliyemngoja, Turdus helleri. Kichwa cheusi tititi, mdomo wa rangi ya chungwa iliyoiva, na duara la rangi hiyohiyo kuzunguka jicho. Ubavu wenye kutu, tumbo jeupe. Anarusha jani kushoto, anatazama. Anarusha kulia, anatazama, anachomoa mnyoo, anaufuta kwenye tope kabla ya kuumeza. Alifanya hivyo bila kutujali mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Sikuwahi kumwona ndege adimu kwa muda mrefu namna ile, wala kwa karibu namna ile.

Aliyebaki ni apalisi wa Taita, ambaye hali yake ni mbaya zaidi kuliko wote. Kijana alinionesha mahali ambapo zamani walikuwa wakisikika jozi kadhaa na sasa si lazima. Tulisikia mlio mmoja upande wa bondeni, haukurudia. Wengi wa wale wa mdomo wa chungwa wako Mbololo, ambako sikufika kwa sababu ya mvua. Niliporudi Wundanyi saa tano asubuhi, nikiwa na chapati na chai mbele yangu, orodha yangu ilikuwa imejaa kuliko wiki nzima ya Usambara. Nilifurahi mpaka chai ilipokwisha. Msitu ambao mtu anaweza kuutembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kabla ya uji wa mchana hauwezi kumficha chochote.

Hata hivyo wanavijiji nao wapo. Nje ya geti kulikuwa na kitalu cha miche ya asili iliyopangwa kwenye mifuko ya plastiki, na kina mama wawili wakimwagilia. Mmoja aliniuliza kama Tanzania nako kuna msitu. Nikamwambia upo. “Mkubwa?” Nikasema mkubwa. “Basi muutunze, mwanangu, huu wa kupanda tunachoka.”

*

Uluguru nitaupitia haraka, ingawa wenyewe wataniona mkosaji. Kutoka Morogoro mjini unapanda kwa miguu hadi Morningside, nyumba ya Wajerumani iliyo juu ya mji, na ukiwa na pumzi unaendelea kuelekea Bondwa penye minara ya mawasiliano. Yule ndege wa Winifred Moreau, mwenye kichwa cha kutu, alinipigia kelele kutoka kwenye kichaka cha mianzi na kukataa kutoka. Chozi wa Uluguru walikuwa wengi kwenye maua ya njiani. Kinachonishangaza kila mara ni kwamba watu wa Dar es Salaam tunakunywa maji ya mlima huu kupitia Mto Ruvu, tunaupita kwa basi mara nyingi maishani, na wachache mno tumewahi kushuka Msamvu tukapanda.

*

Udzungwa una milango miwili, na ni safari mbili tofauti. Mlango wa Mang'ula, upande wa Kilombero, ndio wa hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1992, kilomita za mraba 1,990, ambamo hakuna barabara ya gari ndani. Kila kitu ni miguu. Wageni wengi hupanda maporomoko ya Sanje, yenye mita 170 hivi, wanaoga, wanashuka. Njiani kuna mbega wekundu na, ukijaliwa, nyani wale wa Sanje ambao sayansi haikuwajua mpaka mwaka 1979. Watafiti wawili walikuwa wakipita wakasikia mlio wasioufahamu. Kiongozi wao wa kijijini hakushangaa. Akawaambia huyo ni ng'olaga.

Mimi nilikwenda kwa mlango wa Iringa, kupitia wilaya ya Kilolo hadi kijiji cha Udekwa, kwa sababu ya kwale. Kisa chake kila mpenda ndege anakijua. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini kwenye msitu wa Ndundulu, na katika sufuria ya jioni wakakuta miguu ya ndege isiyofanana na ya kwale yeyote wa Afrika. Mwaka 1994 akaandikwa rasmi: Xenoperdix udzungwensis, jenasi mpya kabisa, mdomo mwekundu, miguu ya njano, kifua kijivu chenye madoa meusi. Ndugu zake wa karibu hawakuonekana kuwa Afrika bali kwenye misitu ya milima ya Asia. Kabla ya hapo walikuwa wakitegwa na kuliwa na watu waliowajua vizuri, ila hakuna aliyewauliza.

Udekwa wanasalimu “Kamwene,” kisha wanaingia kwenye mambo ya mizigo. Wapagazi, mpishi, askari wa hifadhi, kilo za unga, maharage, mafuta, kiberiti mara mbili. Unapanda kutwa nzima. Jioni ya kwanza kambini, mpishi, kijana mrefu mwenye kofia ya Yanga, aliniona nikichungulia chakula akafunika sufuria haraka. “Bosi, leo maharage. Usitafute miguu.”

Msitu wa Ndundulu haufanani na Ngangao hata kidogo. Unatembea asubuhi mpaka mchana na bado uko katikati. Unavuka kijito, unapanda mgongo, unashuka, unakuta kijito kingine, na hakuna mlio wa shoka, hakuna redio, hakuna jogoo. Tembo wamepita njia hiyohiyo na kuacha vidimbwi vya nyayo. Msitu unaopumua kwa upana huo una siri za kutosha: kipunji, nyani ambaye alipata jina la kitaalamu mwaka 2005, anaishi humu, na mnyama mwingine mwenye pua ndefu ya kuchezacheza, sengi mkubwa wa Udzungwa, aliandikwa mwaka 2008. Ndiyo kusema, ndani ya karne hii hii.

Kwale sikumwona. Nilimsikia akipekua. Nilikuta majani yaliyochakurwa, mabichi upande wa chini, na mwongozaji, mzee wa Kihehe asiyependa maneno mengi, akaniambia wamepita sasa hivi, saba au nane. Tukachuchumaa. Tukahamia mgongo mwingine. Siku iliyofuata hivyohivyo. Chozi mwenye mabawa mekundu, ambaye naye aliandikwa kitaalamu mwaka 1983 tu, alikuja mara moja kwenye ua la juu akaondoka kabla darubini haijafika puani. Daftari langu la Ndundulu lina kurasa za milio na alama za kuuliza.

Jioni ya mwisho, motoni, mmoja wa wapagazi aliniuliza huko Kenya niliona wangapi. Nikamweleza habari za Taita, saa moja asubuhi, hatua nane, mdomo wa chungwa. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Sasa hao ndege wa huko,” alisema, “wamekosa pa kujificha au vipi?”

Mzee akasogeza kuni, akasema kwale wa Ndundulu anapenda miezi ya mvua za vuli, kuanzia Oktoba, na kwamba nimekuja mapema. Hakuomba radhi kwa hilo, wala mimi sikuona sababu ya yeye kuomba. Kisha tukaanza kubishana kuhusu Rubeho, kwa sababu kule nako kuna kwale wa namna hiyo, aliyeandikwa mwaka 2003 na Jon Fjeldså na Jacob Kiure kutoka msitu wa Mafwemiro. Mpishi alidai kufika kule kunahitaji trekta. Mpagazi alidai pikipiki inatosha, mradi mtu asiwe mwoga. Mzee ana shemeji yake aliyeolea upande wa Mpwapwa. Namba yake ya simu nimeiandika kwenye jalada la nyuma, na nimeambiwa nisipige baada ya saa mbili usiku kwa sababu huko mtandao unapatikana mlimani tu, na shemeji hapandi gizani.